Hesabu Chakula Kabla ya Vifaranga

Kajiado Mjini

Mpwa wangu mpendwa,



Nimesikia banda lako la Kitengela limekamilika na unataka kuagiza vifaranga 200 wa kuku wa nyama. Hongera. Ila bei ya kifaranga isikudanganye: pesa nyingi huliwa na chakula, tena mwishoni.

Kuku mmoja hula takriban kilo 3.2 hadi atimize wiki tano. Kwa kuku 200, wiki ya kwanza ni kama kilo 30, ya pili 75, ya tatu 125, ya nne 180, ya tano 230. Jumla ni kilo 640, yaani mifuko 13 ya kilo 50: mitano ya stata (chakula cha kuanzia), minane ya finisha (cha kumalizia). Ongeza mmoja wa akiba. Tazama, wiki ya tano pekee hula sawa na zile tatu za kwanza zikijumlishwa! Ndiyo maana wengi huanza kwa mbwembwe, wakifika wiki ya nne pesa zimekwisha, wanachanganya finisha na pumba. Kuku hudumaa, na siku za kuwalisha zinaongezeka.

Maji nayo uyahesabu. Kuku hunywa karibu maradufu ya anachokula, na joto likipanda huzidi. Wiki ya mwisho tenga jerikeni nne za lita 20 kila siku, nawe unaijua bei ya boza huko. Mchana mabati yakiwaka hawali vizuri. Wape alfajiri na jioni. Chombo cha chakula usikijaze kupita theluthi, na ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, la sivyo watakimwaga chakula kwenye maranda. Mifuko ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, isipate ukungu na sumukuvu.

Mwenye bucha au hoteli mtafute mapema. Ikipita siku ya 35, kila siku ya kumngoja mnunuzi hula kama robo tatu ya mfuko.

Basi ulizia bei ya mfuko kwa agroveti, zidisha mara 14. Kama pesa hizo huna mkononi, agiza vifaranga 100 na mifuko saba. Kuku 100 walioshiba watakulipa zaidi kuliko 200 wenye njaa.

Ni mimi,
Mjomba wako