Daraja Gani?

Naandika haya nikijua kwamba mjomba wangu hasomi jarida hili. Angelisoma, huenda nisingethubutu.

Nilipokuwa katika mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili, ikisiri yangu ilikubaliwa katika Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani. Wafadhili waliniandikia kwamba wangenilipia tiketi ya kwenda na kurudi "kutoka Nairobi, daraja la kawaida". Familia yetu ilijadili daraja hilo siku nzima ya Jumamosi, nyumbani Bungoma. Hayo maneno "kutoka Nairobi" hayakumshughulisha mtu yeyote, nami msomi wa fasihi niliyefunzwa kusoma kila neno nilikuwa wa kwanza kuyaruka.

Mjomba, au khocha kama tumwitavyo sisi Wabukusu, alikuwa amepanda ndege mara moja tu maishani, kutoka Kisumu hadi Nairobi. Alichokumbuka katika safari ile ni pazia. Mbele ya pazia waliketi watu wachache wakiwa wamenyoosha miguu. Nyuma yake walikuwa yeye na wenzake. "Mpwa wangu hawezi kwenda ng'ambo akiwa amekunjwa kama nguo za mitumba," alisema. Kisha akatoa shilingi 60,000, malipo ya miwa aliyoyangojea kwa miezi mingi, akaniwekea mkononi mbele ya wazee. "Ongeza na hizi, ukae mbele."

Jumatatu nilipanda matatu hadi Kitale, kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Bungoma hatukuwa na ndege ya abiria yenye ratiba. Kitale kulikuwa na kiwanja kidogo chenye ndege za kwenda Nairobi, na mjini kulikuwa na wakala wa tiketi aliyesifiwa kwa subira. Mama huyo alinitazama juu ya miwani akauliza, "Daraja gani?"

Sijui wenzangu mnalionaje neno hili. Kwangu lilikuwa, kabla ya yote, kitu cha kuvukia mto. Ukitoka Kitale kwenda Eldoret unapita mji wa Moi's Bridge, ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Lakini neno lenyewe, tulilolipata kwa Kiarabu, lina maana ya kidato na cheo pia, na wenye mashirika ya ndege wamelichukua kwa maana hiyo. Wako wanaosema "daraja la uchumi", tafsiri ya sisisi ambayo sijawahi kuipenda, maana anayeketi humo hauoni uchumi wowote isipokuwa magoti yake. Heri "daraja la kawaida".

Wakala alinieleza kwa utaratibu. Herufi Y kwa desturi huashiria daraja la kawaida, J daraja la biashara, na F daraja la kwanza, ambalo ndege nyingi hazina siku hizi. Ila ndani ya daraja la kawaida lenyewe mna bei kadha wa kadha. Abiria wawili wanaogusana viwiko huenda wamelipa viwango tofauti kabisa, kwa kuwa mmoja amenunua kiti pekee na mwenzake amenunua kiti pamoja na ruhusa ya kubadilisha tarehe au kurudishiwa pesa. Kisha akapiga hesabu ya daraja la biashara. Shilingi 60,000 za mjomba hazikufikia hata nusu ya nyongeza.

Hapo ndipo ningempigia simu. Sikumpigia. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa nyumbani wiki ya pili kwa ajili ya karo. Nililipa deni lake lote, na kwa salio nikanunua tiketi ya ndege kutoka Kitale. Nilijiambia kwamba nitamweleza khocha nikirudi.

Siku ya safari mama alinisindikiza hadi kiwanjani. Mzigo wangu ulikuwa kilo 22, kwa sababu tiketi ya Ujerumani iliruhusu 23. Ile ndege ndogo iliruhusu 15. Nilifungua sanduku chini, mbele ya abiria wenzangu, nikaanza kutoa vitabu nilivyotaka kuwapa wenyeji wangu, kisha mfuko wa njugu alizokaanga mama usiku kucha. "Njugu zibaki ndani," alisema mama, akavikumbatia vitabu vyote kifuani. Alirudi navyo Bungoma kwa matatu mbili.

Ndege iliondoka ikiwa imechelewa saa mbili. Ilitua Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege jijini Nairobi mwaka 1929. Historia hiyo haikunisaidia kitu. Ndege ya Ujerumani ilikuwa inaondokea Embakasi, katika uwanja wa Jomo Kenyatta, na katikati palikuwa na jiji zima katika msongamano wa jioni. Tena nilikuwa na tiketi mbili zisizojuana. Lau safari nzima ingekuwa katika tiketi moja, kuchelewa kungekuwa tatizo la shirika, nalo lingenitafutia kiti kingine. Kwa tiketi mbili tatizo lilikuwa langu peke yangu. Ndani ya teksi sikuwaza habari ya pazia hata kidogo. Niliwaza nitawaambia nini wazee wale nikirudi Bungoma usiku uleule, na karo imekwisha kulipwa. Nilifika dawatini zikiwa zimesalia dakika kumi lifungwe.

Kiti changu kilikuwa cha katikati. Nililala vizuri.

Niliporudi, khocha aliniuliza katika matanga ya jirani, mbele ya watu, "Mbele ya pazia kulikuwaje?" Nikasema, "Kuzuri, khocha." Akawageukia wenzake akicheka kwa furaha ambayo sijaiona tena usoni pake. Tangu siku hiyo hadithi ni yake. Ameiongezea chakula, glavu nyeupe za wahudumu, hata kitanda.

Wiki iliyopita binti yake, muuguzi, amepata kazi Uingereza. Khocha amenitumia shilingi 60,000, kiasi kilekile, na ujumbe: "Mkatie tiketi wewe unayejua. Mkalishe mbele, kama ulivyokaa wewe." Pesa hizo zimo katika simu yangu, na binamu yangu tayari ameniuliza kama kweli kule mbele kuna vitanda. Jumamosi nakwenda Kitale kwa yule wakala, kuuliza kuhusu tiketi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kuhusu kilo. Lakini nitapita kwanza nyumbani kwa khocha, asubuhi, kabla hajatoka kwenda shambani.