Usiku Kucha Ndani ya Oksijeni

Nilizaliwa Tanga, baba akiwa karani wa reli. Nikasoma, nikapata nafasi Uingereza, nikaoa huko. Hayo yanatosha. Nataka kusema habari za tanuri, maana maabara niliyoitumikia hadi kustaafu imefungwa.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zürich, waligundua kauri ya oksidi ya shaba ambayo, ikipozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mapema 1987 Wu na Chu, Marekani, wakapata nyingine, ya yitriamu na bariamu, inayoanza kufanya hivyo kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri. Nitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi, ikatosha kuipoza. Kila maabara ikaanza kusaga poda za kuitengenezea.

Aliyenifundisha kusaga alikuwa fundi mzee wa Kiingereza asiye na digrii. Tulitwanga poda katika kinu cha akiki, tukaoka kwenye nyuzi 900 na ushei, tukatwanga tena, tukaoka tena. Ugomvi ulizuka kwenye kupoza. Profesa mmoja kijana, mkutano ukimkaribia, alitaka vidonge vya poda hiyo vitolewe tanurini vikiwa vya moto. Mzee akakataa: vipoe polepole ndani ya oksijeni, usiku kucha. Profesa akavitoa mwenyewe. Vilikuwa vyeusi, vya kupendeza, lakini tulipovipoza kwa nitrojeni, sumaku, ambayo huelea juu ya kidonge kizuri, ikalala tu juu yake.

Sababu yake bado hunifurahisha. Hesabu za zamani, zinazoichukulia kila elektroni peke yake, zinasema kauri hii, hata ikipungukiwa oksijeni, ingepaswa kupitisha umeme. Haipitishi. Elektroni husukumana; kila moja imekwama kwenye atomu yake ya shaba, kama abiria wa daladala iliyosheheni: hasogei mtu mpaka ashuke mmoja. Mott na Peierls walilidokeza hilo mwaka 1937, wakizungumzia oksidi ya nikeli. Oksijeni inayoingia taratibu ndiyo inayowashusha abiria. Kwa nini waliobaki hushikana wawili wawili na kupita bila ukinzani kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, joto kubwa kwa jambo kama hili, wataalamu wanabishana hadi leo. Nadharia ya 1957 ya Bardeen, Cooper na Schrieffer kuhusu kushikana huko, jinsi ilivyoandikwa, haikidhi.

Makala ya maabara yetu iliyochapishwa ilitumia sampuli za mzee. Jina lake halimo.

Kwa hiyo wewe kijana, kabla hujaiamini grafu ya mtu, uliza sampuli ilipozwa vipi, na nani aliipoza. Kisha mwandike jina.