Moyo Kwenye Mkono wa Shati

Kuna sifa watu hupenda kujipa wakijieleza Instagram: "I wear my heart on my sleeve." Yaani mimi sifichi, nikipenda utajua, nikiumia utajua. Moyo umeshonwa kwenye mkono wa shati, kila mtu anauona. Inasikika poa. Lakini wasee, mnajua ni nani aliisema?

Mtandaoni utapata hadithi ya wapiganaji wa zamani wa Ulaya waliofunga kitambaa cha mpenzi mkononi kabla ya kupanda farasi. Tamu, sikatai. Ila maandishi tunayoyajua ni ya Shakespeare, kwenye Othello, igizo lililochezwa London mwaka wa 1604. Na anayeongea ni Iago! Yule nyoka. Amenyimwa cheo, Cassio akapewa, sasa anamchekea mkubwa wake huku akimchimbia kaburi. Anasema siku atakayoonyesha yaliyo ndani yake, itakuwa ni kama ameuanika moyo nje kunguru waudonoe. Kwa hivyo hathubutu.

Manze, msemo tunaotumia kusifu ukweli ulitoka kwa mwongo, akieleza kwa nini yeye anaficha.

Kiswahili nacho? Tukisema mtu ana roho mkononi, hatumaanishi ako wazi. Tunamaanisha anaogopa vibaya, kama abiria wa matatu inayopita lori kwenye kona. Kitu cha ndani kikifika mkononi, kwetu hiyo ni hatari. Naona hapo Kiswahili na Iago wanaelewana kuliko hao wa Instagram.

Na kunguru wapo kweli. Nilipoacha chuo niliweka video nikasema ilivyo: karo imeisha, usingizi hakuna, kesho siijui. "Mwanaume jikaze." Emoji za kucheka. Mmoja akaikata sekunde kumi, ile sehemu sauti yangu inatetemeka, akaisambaza. Nilidonolewa, na iliuma.

Lakini inboksi waliingia majamaa wawili tuliosoma nao. Nao walikuwa wameacha. Muhula mzima wanatoka nyumbani asubuhi na begi mgongoni, wanazunguka taoni hadi jioni, wanarudi wakiulizwa masomo yakoje. Hao hakuna kunguru amewagusa. Ni nani angewagusa, na hakuna anayejua?

Mmoja ameshawaambia wazazi. Wa pili bado anabeba begi, na kila wiki ananiuliza nilianzaje ile video.