Ufukwe wa kumpeleka mama

Kila likizo ya Juni inapokaribia, ndugu zetu wa Pwani hutupigia simu sisi tunaoishi Mwanza na kutuuliza swali moja: safari hii mtatupeleka wapi? Wenye nafasi zao huko Ulaya huulizana hivyo hivyo, wakishindanisha Malta, Kupro na Mallorca kwa mchanga, hoteli na bei. Kwa miaka mingi nami nilidhani swali hilo ni la starehe tu. Katika wiki ya mwisho ya Juni 2025 nilitambua kuwa ni swali la amana.

Mdogo wangu alikuja kutoka Tanga pamoja na mkewe na watoto wanne, mkubwa ana miaka 13 na mdogo ana miaka minne. Ni watoto waliokulia kando ya bahari, na maji hawayaogopi. Nyumbani kwetu Kirumba yupo pia mama yetu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye hajakanyaga chombo cha majini tangu tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ya siku hiyo meli ya MV Bukoba, ikiwa na abiria kupita uwezo wake, ilizama huku ikiwa imebakiza mwendo mfupi kuingia bandari ya Mwanza. Mamia ya watu walifariki, na wengi wao wamezikwa Igoma. Kaka yake mama alikuwemo katika safari ile, na mwili wake haukutambuliwa.

Nilianza kwa kuzikagua fukwe za hoteli, upande wa kaskazini mwa jiji. Nilikwenda peke yangu, siku ya Jumapili alasiri, kwa sababu sehemu iliyo tulivu Jumanne asubuhi inaweza kuwa nyingine kabisa mwisho wa wiki. Ya kwanza ilikuwa na mchanga mzuri na bembea za watoto, lakini meza za pombe zilikuwa hatua chache kutoka kwenye bembea hizo, na jiko lilichoma samaki na nguruwe juu ya wavu mmoja. Ya pili ilikuwa na utulivu, mpishi akakubali kutupikia sato kwa vyombo vyetu wenyewe, na mhudumu akanionyesha bomba la kutawadhia na kivuli kisafi cha kuswalia. Nikadhani kazi imekwisha.

Jirani yetu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenizindua. Aliniuliza: "Watoto wataoga ziwani?" Nikajibu kuwa ndiyo maana ya ufukwe. Akanikumbusha kuwa ziwa si bahari. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi katika maji baridi, na hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi jambo. Konokono hao hupenda maji tulivu, ya kina kifupi, yenye majani. Yaani mahali pale pale tunapowaachia watoto wadogo wacheze kwa kudhani ndipo penye usalama. Dalili zinaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa au miezi, wakati mgeni amekwisharudi kwao na hakuna anayekumbuka kuoga kule. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, lakini sharti mtu ajue kwamba anahitaji kupimwa. Akaongeza kuwa maji ya chumvi humwinua muogeleaji kuliko maji baridi, hivyo mtoto wa Tanga anayejiamini baharini anaweza kuchoka upesi ziwani. Hapo sikuwa nimefikiria mamba na viboko.

Basi nikaona tuache kuoga, tutafute safari. Wazo la mdogo wangu lilikuwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria na kwao Aniceti Kitereza, mwandishi wa kisa cha Myombekere na Bugonoka. Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio huchukua takribani saa tatu, na huko kuna mawe makubwa ya Handebezyo, ambako mtu hupanda akaliona ziwa na visiwa vyake. Tuliyazungumza hayo baada ya swala ya Isha, watoto wakisikiliza kwa furaha. Mama alikuwa kimya. Mwisho akasema: "Nendeni, wanangu. Mimi nitabaki na huyu mdogo."

Nilimtazama, na ghafla nikakumbuka. Kila tulipovuka kwenda Kamanga kwa kivuko baada ya mwaka ule, mama alimbakiza mmoja wetu nyumbani. Mara ana kikohozi, mara ana kazi ya shule, mara anahitajika dukani. Hatukuwahi kuunganisha mambo hayo. Mama hakuwa akijizuia yeye peke yake. Alikuwa akihakikisha kwamba chombo kimoja hakiwabebi watoto wake wote.

Mdogo wangu, kwa nia njema, akasema kuwa ajali ni qadari, na kwamba Muislamu humtegemea Mola wake. Mama akamjibu bila kupandisha sauti: "Baba, bedui alipomuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, kuhusu ngamia wake, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mjomba wenu alipanda meli iliyojaa. Na Septemba 20 mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, nacho kilikuwa kimejaa. Ngamia hakufungwa." Hakuna aliyeongeza neno.

Nadhani wengi wetu tunakosea hapo. Tunachagua matembezi kwa macho ya mwenye nguvu: kijana anayeogelea, baba anayelipa, mgeni anayetaka picha. Aliye dhaifu zaidi, awe bibi mwenye hofu au mtoto asiyejua kina cha maji, tunamtaka afuate. Akibaki nyumbani, tunasema amependa mwenyewe.

Tukapanga upya kwa kuanzia kwa mama, tukachagua Saanane. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji lenyewe, ndogo kuliko zote nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu. Tangu 1964 ilikuwa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa hifadhi. Jina lake linatokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla ya wanyama. Boti kutoka gati la Capri Point huchukua dakika chache, na aliyebaki ng'ambo huiona safari yote kwa macho yake. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niamue.

Tulifika mapema, kwa kuwa asubuhi ziwa hutulia kuliko mchana. Mama alikuja nasi mpaka gatini. Alimuuliza nahodha boti ina ruhusa ya kubeba watu wangapi, kisha akatuhesabu. Akaomba jaketi okozi la saizi ya mtoto, akalikataa la kwanza kwa kuwa lilikuwa likimpwaya mjukuu wake, akasubiri lingine. Alivuta kila mkanda kwa mkono wake, hata wa kwangu, mtu mzima mwenye mvi. Nikamwambia kuwa tutakwenda kwa mafungu mawili, na kwamba mdogo abaki naye kama alivyotaka. Akanyamaza kidogo. Kisha akamwinua yule mtoto, akamkabidhi kwa mama yake ndani ya boti, akasema: "Mchukueni na huyu."

Tulitembea juu ya mawe, watoto wakawafukuzia macho pimbi na tumbili, wakashangaa jiji lilivyo zuri likitazamwa kutoka majini. Ng'ambo, chini ya mti, tuliiona kanga ya mama. Tuliporudi tulimkuta na tasbihi mkononi, na Adhuhuri tuliiswali pamoja.

Siku mbili baadaye tulimpeleka Sengerema kwa gari. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita tatu, lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni, na pale ambapo zamani watu walisubiri kivuko, sasa gari hupita kwa dakika chache. Mama alikaa dirishani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka maji ya ziwa hili baada ya miaka 29. Alitazama upande mmoja, akatazama upande wa pili, akamtaja kaka yake kwa jina na kumuombea.

Msomaji utakayekuja Mwanza na familia yako, ziwa ni kubwa na mahali pa kupumzika ni pengi. Kabla ya kuuliza bei, uliza kuhusu maji, jiko, pa kuswalia na majaketi. Na kabla ya hayo yote, muulize yule ambaye kila safari husema, "Nendeni, mimi nitabaki." Huenda anajua jambo ambalo nyumba nzima imelisahau.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliochukuliwa na maji haya, na atujaalie safari zenye salama. Amin.