Nani Atamgeuza Mgonjwa?

Ukialikwa harusini huku kwetu Tanga, zunguka nyuma ya nyumba kabla hujakaa jamvini. Utakuta wanaume wawili watatu wamejifunga vikoi, jasho linawachuruzika, wanapalia makaa juu ya mifuniko ya masufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea ndani. Hao ndio wapishi wa pilau. Wamekodiwa, wana bei yao, na majivuno wanayo: mmoja hataki mtu aguse mwiko wake, mwingine hamwambii yeyote anatia bizari kiasi gani. Wanawake wa nyumba hiyo, ambao wameshika jiko tangu wangali wasichana wadogo, wamekaa pembeni wanamenya vitunguu saumu na kuchagua mchele. Hakuna anayeona ajabu. Na mpishi huyohuyo akirudi kwake usiku, hakuna anayemtarajia achemshe hata chai.

Dobi naye ni mwanamume. Fundi wa cherehani pale barazani, mara nyingi ni mwanamume. Kupika, kufua na kushona ni kazi tatu ambazo mtoto wa kike wa pwani hufunzwa mapema kuwa ndizo zake, na zote tatu, zikianza kulipwa mbele za watu, zinamwendea kaka yake. Si kanuni isiyovunjwa. Mama lishe wapo kila kona, na mafundi wa kike wa magauni siku hizi ni wengi. Lakini mama lishe ana sufuria tatu na benchi chini ya mwembe; aliyevaa kofia ndefu nyeupe kwenye jiko la hoteli kubwa, anayesalimiwa na wageni, sana sana utakuta ni mwanamume.

Mambo haya hayakuanza jana. Enzi za Mwingereza, mtumishi wa nyumbani aliyepika, akapiga pasi na kutandika kitanda cha bwana mkubwa alikuwa kwa kawaida mwanamume mzima mwenye mke na watoto. Wakimwita “boi” hata akiwa na mvi, lakini ilikuwa kazi ya mshahara na watu waliigombania. Wanaume walipopata mlango wa kutokea, viwandani, bandarini na maofisini, na ujira wa majumbani ukabaki chini, nafasi ile ikajazwa na wasichana waletwao kutoka vijijini. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mtumishi anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Kazi ni ileile: pasi ni ileile, kitanda ni kilekile. Ila sasa tunaambiwa kwamba wasichana wameumbiwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kazi fulani ni ya kike kwa asili yake, mimi humuuliza swali la kihasibu: inalipa shilingi ngapi, na nani anaiona ikifanyika?

Swali hilo lilinijia zaidi mama alipopigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, maneno yakawa yanatoka nusunusu. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Ngamiani, mjomba aliita kikao. Dada yangu yuko Dar es Salaam, ameajiriwa bandarini, na mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa ada za watoto watatu wa ukoo, mmoja wao wa mjomba mwenyewe. Mimi nahariri vitabu. Kazi yangu inataka meza na taa, na meza yangu ilikuwa chumba cha pili kutoka kitanda cha mama. Ungedhani hesabu hiyo haihitaji kikao. Mjomba akasoma dua, akajifuta uso, akamgeukia dada.

“Mwanangu, utaomba ruhusa lini kazini?”

“Ruhusa ya muda gani, mjomba?”

“Mpaka mama yako apate nafuu.”

Dada akaniangalia, nikasema mimi nipo, nitamtunza. Kikao kikanyamaza kidogo, kisha shangazi mmoja akacheka, si kwa ubaya, akauliza: “Wewe? Na kumwogesha?”

Hoja ya shangazi siidharau. Stara ya mzazi si jambo la mzaha, na mama mwenyewe, ulimi mzito vilevile, asingekubali kuogeshwa na mwanawe wa kiume. Tulikubaliana kwamba binti wa mama mdogo, anayeishi nyumba ya tatu, angekuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumbadilisha nguo. Mengine yote yakawa juu yangu. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitazama vizuri. Kuoga kulichukua sehemu ndogo ya siku, lakini ndiko kulikotumika kumkabidhi dada siku nzima, pamoja na usiku wake, na kazi yake ya bandarini.

Mengine yote yalikuwa yapi? Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo nyama ya makalio na visigino huanza kuoza kwa kukosa damu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionyesha namna yake. Humvuti mkono uliolegea, maana bega litateguka. Unakunja goti lake la mbali, unaweka kiganja kimoja begani na kingine nyongani, unamwambia unachotaka kufanya, halafu unamleta kwako kwa pamoja, taratibu. Mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Kisha unapitisha mkono chini yake kunyoosha shuka, kwa sababu kunjo moja likilaliwa usiku kucha linatosha kuanzisha kidonda. Uji nao ulikuwa na elimu yake. Mwepesi ungempalia na kuingia mapafuni, hivyo ulitakiwa uwe mzito wa kushika kijiko, mama amekaa wima, kidevu kimeinama, na hupeleki kijiko cha pili mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Ukiwa na haraka, ahirisha haraka yako.

Huu ni ujuzi. Una ratiba, una hatari zake, una maamuzi ya saa nane usiku ambayo hakuna wa kumpigia simu akuamulie. Wanawake wengi ninaowajua wanao, na sijawahi kuona hata mmoja akiuandika kwenye maelezo yake binafsi anapoomba kazi.

Wageni ndio walionifundisha lililobaki. Waliokuja kumjulia hali mama walinisifu mpaka nikaona haya. “Mwanamume kama wewe! Mungu akulipe.” Wengine wakiniaga walinipa mkono wenye noti ndani yake, ya sabuni. Binti wa mama mdogo, aliyeinama juu ya beseni kila alfajiri, akabadilisha nguo zenye haja kubwa na ndogo, akazifua, alipitwa pale uani kwa salamu tu. Siku moja mgeni mmoja alinisifu mbele yake kwa urefu, kisha akamwomba yeye maji ya kunawa. Nilianza kumkabidhi noti zile, naye akazipokea bila kusema asante, na sidhani alikosea. Sifa nayo ni malipo, na ilikuwa ikilipwa kwa mtu mmoja kwa kazi ya watu wawili.

Dada hakuacha kazi, lakini kila mara alipokuja kutusaidia alikula siku za likizo yake ya mwaka. Hakuwa na nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004 ilimpa mama aliyejifungua siku 84 zenye malipo, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Baba ikampa siku tatu. Mtoto wa mfanyakazi akiugua au kufariki, siku nne zipo. Mzazi akifariki, siku nne zipo pia. Mzazi akiugua hakutajwa mahali hapo. Nilikisoma kifungu hicho usiku nikisubiri saa ya kumgeuza mama, nikakirudia. Dada alikuwa na haki ya siku za kumzika, hakuwa na siku ya kumlisha. Na siku tatu za baba hueleza waziwazi sheria ilivyomwona: mtu wa kwenda kutoa taarifa ya uzazi na kununua kitenge, kisha arudi kazini.

Ni rahisi kuilaumu sheria peke yake. Mahakama zetu ziliwahi kwenda mbele ya mila, na mfano wake nauona mtamu na mchungu kwa pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mali iliyochumwa pamoja igawanywe ndoa inapovunjika kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Mchango ni nini? Majaji walivutana: je, aliyepika na kulea amechangia nyumba ambayo mwenzake ndiye aliyetoa fedha ya matofali? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilijibu ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Wanasheria wanaitaja hukumu hiyo mpaka leo. Kinachotajwa mara chache ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu. Mahakama iliona alikuwa amefuja fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi wa familia, na kosa hilo likafuta mchango wake wote. Kanuni ilishinda, mwenye kanuni akashindwa. Najiuliza ni waume wangapi waliofuja mishahara yao miaka nenda rudi wakabaki na nyumba bila mtu kuuliza. Kenya nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kwamba kazi ya nyumbani inahesabiwa, ila mgawo wa nusu kwa nusu si wa moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Sasa utathibitishaje uji? Mfanyabiashara ana risiti.

Katika uongozi mambo yanakwenda vivyo hivyo. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuingia chama cha TANU mwaka 1955, hakuanzia patupu. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, na vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao na nidhamu yao. Ulikuwa uongozi kamili, ila ulifanyika uani na kwenye ngoma, kwa hiyo haukuitwa hivyo mpaka chama kilipouhitaji. Baadaye tukatengeneza viti maalumu bungeni, vya wanawake kuanzia mwaka 1985, na leo Katiba inataka visipungue asilimia 30. Nimewasikia wanaume wakiviita viti vya kupewa. Sijamsikia hata mmoja akiita vya kupewa vile viti alivyovipata kwa sababu nyumbani kwake kuna mtu aliyempikia, akamfulia, akamgeuzia mgonjwa wake miaka yote ya kampeni. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 2021, ilimbidi katika siku zake za mwanzo aseme hadharani kwamba aliyesimama pale ni rais, maumbile yake ya kike yasimtie mtu wasiwasi. Waliomtangulia watano hawakulazimika kutaja maumbile yao.

Mtaani kwetu kuna kikundi cha kuweka na kukopa, karibu wote wanawake. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya kikao, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Mwenyekiti wao ni mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Nimemwona akimnyima mkopo shemeji yake mwenyewe kwa sababu hakumaliza wa kwanza, na shemeji akaondoka amenuna, lakini hakubisha. Halmashauri nyingi zingetamani mtu wa namna hiyo.

Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 wengine wetu tulimfuata kumwomba achukue fomu ya uenyekiti wa mtaa. Nilidhani atasema hana fedha, au mume atakataa. Alikuwa anageuza samaki kwenye karai, akauliza vikao vinafanyika saa ngapi. Nikamwambia jioni, saa kumi na mbili hivi, wakati mwingine hufika saa tatu usiku. Akanitajia kwa vidole: samaki wa jioni ndio wanaonunuliwa zaidi, mjukuu wa miaka minne analala kwake, na mama mkwe haoni tena.

“Kwa hiyo huchukui?” nikauliza.

“Mwenyekiti aliyepo ana mama mkwe?”

“Anaye. Anaishi kwake, amelala kitandani mwaka wa pili sasa.”

“Basi kamuulizeni nani yuko naye saa hizo za kikao, halafu mje tuzungumze habari ya fomu.”

Tulikwenda kweli, mimi na jirani yangu. Mwenyekiti alikuwa barazani anacheza bao. Alituitia viti, na kutoka ndani akaita chai, ikaletwa na mkewe, ambaye hakuweza kukaa nasi hata dakika moja kwa sababu mgonjwa alikuwa anaita.