MC wa Tukuyu, "dotter" na lile daftari la mtoto

Tukuyu nzima inamjua, hata wale ambao hawajawahi kumpa kazi. Ana sauti isiyohitaji maiki, ana mawigi ya kila rangi, na ana ule utani wa Kinyakyusa unaomfanya hata bibi wa miaka 70 aache sahani ya wali ainuke kucheza. Sendofu ikikosa huyu dada, wageni wanauliza kamati ilikuwa inafanya nini na michango ya watu.

Shule aliishia kidato cha pili. Hiyo haikuwa siri, na wala haikuwa habari, mpaka siku ya besdei ya mwanaye.

Mtoto alikuwa anatimiza miaka mitano. Mama akamvalisha gauni jeupe, akampiga picha, akaposti saa moja asubuhi na kapsheni yake: "Happy birthday my beautiful dotter". Saa nne skrinshoti ilishafika Mbeya mjini. Ikageuzwa stika. Kuna jamaa akajirekodi anaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Dada aliifuta ile posti, lakini skrinshoti nani anaifuta?

Kilichouma zaidi hakikuwa stika. Kamati ya sendofu moja ya Kyela, iliyokuwa imeshamlipa nusu ya pesa, ilimpigia kwa adabu zote. Eti kuna wageni watatoka Dar na nje ya nchi, je, hawezi kuja na mwenzake wa kumsaidia upande wa Kiingereza? Alijibu sawa, halafu akazima simu mpaka kesho yake.

Wiki haijaisha, akafungua begi la mtoto kuangalia homuweki. Mtoto anasoma chekechea kwenye shule moja ya ingilishi midiamu, ada inalipwa kwa mafungu, kila sherehe ikiisha kuna fungu linakwenda. Kwenye daftari kuna picha ya kisu, na pembeni mtoto ameandika kwa mkono wake: "naif". Mwalimu kaweka vema kubwa jekundu. Juu yake, nyota.

Hapo damu ikapanda.

Mvua ilikuwa inanyesha (ni Tukuyu, lini hainyeshi), lakini alikodi bajaji hivyo hivyo, daftari kwapani, wigi halijachanwa. Mwalimu mkuu alipomwona tu akaita madamu wa chekechea. Madamu mwenyewe ni binti mdogo, yuko kwenye miezi ya majaribio, na mambo mengi ya kufundisha kajifunza usiku kwa bando lake mwenyewe.

"Madamu," MC akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, "mimi nimechekwa na mji mzima kwa kuandika hivi hivi. Leo mwanangu anaandika hivi hivi, na wewe unampa nyota?"

Mwalimu mkuu hakusubiri. Akamwambia binti aombe radhi kwa mzazi, halafu wataongea baadaye kuhusu mkataba wake. Binti akaomba radhi. Kisha akaomba dakika tano na chaki.

Hapa inabidi ujue kwanza wanachofundishwa hawa watoto. Wengi tulizoea "ei, bii, sii", yaani majina ya herufi. Siku hizi shule nyingi zinaanza na sauti za herufi, njia inayoitwa foniksi. Seti moja maarufu, Jolly Phonics, ilitoka Uingereza 1992, na haianzi na a, b, c. Inaanza na s, a, t, i, p, n, kwa sababu kwa sauti hizo sita tu mtoto anaunda maneno kibao: sit, pin, tap, ant, nap. Mzazi asiyejua akisikia mtoto wa ada anatoa milio badala ya kuimba alfabeti, anaona ameibiwa.

Na kwa watoto wa Kibongo kuna mtihani wa ziada. Maneno ya Kiswahili yanapenda kuishia na irabu, ndiyo maana hata ya kigeni tunayavalisha: benki, baiskeli, kabati. Mwalimu akifundisha herufi s kwa kusema "sa", na t kwa kusema "ta", basi s-a-t kwa mtoto inakuwa "sa-a-ta", na paka wa Kiingereza anaitwa "kati". Huyu madamu anawafundisha kutoa "sss" kama tairi la bodaboda linalovuja, bila kuongeza irabu mwishoni. Na ile chati ya dukani ya "A for apple" kaiacha ukutani kwa ajili ya wakaguzi. Yeye anatumia "avocado", maana parachichi kila mtoto wa Rungwe analijua. X yenyewe kairuka. Chati inasema "xylophone", ambapo sauti inayosikika ni z!

Basi akaandika ubaoni "naif". Akamwambia mama aisome. Akasoma, ikatoka kisu.

"Umeona, mama? Kasikia sauti zote, hakuacha hata moja, na kazipanga kama zinavyofuatana. Hatujafika kwenye k isiyotamkwa, wala kwenye e ya mwisho. Katumia Kiswahili chake kuandika Kiingereza. Angekariri tu picha ya neno, ningejuaje kama anasikia?"

Hiyo e ya mwisho ni ile inayokaa kimya yenyewe lakini inabadilisha sauti ya irabu ya nyuma yake. Weka e kwenye "tap", inakuwa "tape". Weka kwenye "pin", inakuwa "pine". Huko watafika mwakani. Na chini ya ile "naif", kwa penseli hafifu, madamu alikuwa ameandika "knife" ili mtoto aanze kuizoea kwa macho. Mama kwa hasira hakuiona.

Ila tuseme ukweli, madamu naye alikosea. Unamwekea mtoto vema kubwa namna ile, mzazi hujamwambia vema hiyo ni ya nini, unategemea nini? Kikaratasi cha Kiswahili cha mistari minne tangu mwanzo wa muhula kingemwokoa.

Kimya kikapita ofisini. Halafu MC akauliza kitu ambacho mwalimu mkuu alijifanya hakukisikia, maana skrinshoti alikuwa nayo kwenye simu.

"Na ile ya kwangu?"

Binti akaandika maneno mawili, moja chini ya lingine: "daughter", "laughter". Tofauti ni herufi moja tu ya mwanzo. Akamwambia la kwanza linasomeka "dota", la pili "lafta". Mama akayatazama, akamtazama binti.

"Sasa hiyo gh inafanya nini pale?"

Swali zuri kuliko yote ya siku ile, na jibu lake lipo. Zamani Waingereza walikuwa wanaitamka, kitu kama "kh" ya "kheri". Wajerumani, ndugu zao wa lugha, walewale waliowahi kutawala hapa Tukuyu na kupaita Neu Langenburg, mpaka leo binti wanamwita "Tochter", na hiyo ch wanaitoa kooni. Hata neno letu "shule" limetoka kwao. Waingereza wakaacha kuitamka ile sauti, kwenye maneno mengine ikageuka f, lakini maandishi yakabaki palepale. Mashine ya kuchapa vitabu iliingia kwao 1476, tahajia ikaanza kuganda taratibu, wakati midomo inaendelea kubadilika. Ndiyo maana leo wana sauti kama 44 na herufi 26 za kuzibeba. Kiswahili kilikaliwa kikao: kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa 1930, ikasanifisha tahajia, na mtoto wa darasa la kwanza anafaidi.

"Kwa hiyo hata wenyewe hawaitamki?"

"Hawaitamki, mama. Wanaikariri tu."

MC akacheka kile kicheko chake cha ukumbini, na machozi yakatoka humo humo. Akasema wakati yuko fomu wani masomo yote yaligeuka Kiingereza siku moja, akitoka Kayumba ambako alikuwa wa tatu darasani. Imla ya Kiingereza ilikuwa kila Ijumaa, na kila kosa kiboko kimoja. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwa nini kuna herufi zisizosema. Alidhani wenzake wanazisikia, yeye masikio ndiyo mabovu.

(Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeshusha somo la Kiingereza kutoka darasa la tatu hadi la kwanza, Kayumba nako. Tuone kama na foniksi itashuka nalo.)

Mkataba wa binti haukuguswa. Mwezi uliofuata wazazi wote walipata kile kikaratasi, kwa Kiswahili. Kyela dada hakwenda. Aliwarudishia nusu yao, akasema mwezi ule anapumzika. Usiku sasa anakaa na mtoto mezani, wote wawili wanatoa "sss", na jirani kashauliza kama kuna gesi inavuja.

Juzi kati walikwenda saluni, ile anayosukia miaka yote. Mtoto akasimama mlangoni, akainua kidole kwenye bango, akaanza: s, a, l... Zile o mbili alishafundishwa, kama za "moon". Akavuta: "Sa-luuun."

Mama akarudi nje kuangalia. Kweli, pale juu, kwa rangi ya dhahabu, imeandikwa "Saloon". Akatoa simu, akaifungua kamera. Akaliangalia bango. Akamwangalia mwenye saluni, ambaye alikuwa ameinama anaosha nywele za mteja na kuimba.

Akairudisha simu kwenye pochi, akamshika mtoto mkono, wakaingia kusuka.