Usipulizie dawa kangaga lako

Dawa ya wadudu imeharibu makangaga mengi majumbani bila sababu. Mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara mjini Moshi nusura ayamalize ya kwake. Mteja alimrudishia vyungu vinne, akageuza majani mbele ya watu na kuonyesha madoa ya kahawia yaliyopangana upande wa chini. "Umeniuzia wadudu," alisema. Fedha zikarudi, nazo zilikuwa zimetengwa kwa ada ya shule. Jioni mama akashika bomba la dawa.

"Mama, usipulizie," binti yake alimwambia. "Tumesoma shuleni. Kangaga halina maua, huzaa kwa hayo madoa."

Binti alikuwa sahihi. Kila doa ni rundo la vifuko vidogo, na ndani yake mna spora laini kama vumbi. Wadudu hutambaa na kukaa ovyo. Madoa haya hukaa kwa mpangilio, mara nyingi safu mbili katika kila kijijani.

Wataalamu nao hutumia madoa hayo kuyatenga makangaga ya msituni. Jenasi ya Dryopteris, ambayo ina jamaa zake hata katika misitu ya Kilimanjaro, hufunika doa lake kwa utando wenye umbo la figo. Polystichum hulifunika kwa utando wa mviringo ulioshikwa katikati, kama mwavuli. La Athyrium ni refu, mara nyingine limepinda kama ndoano. Tazama jani ambalo bado changa, maana utando hunyauka na kudondoka, na hapo hata mtaalamu hubabaika. Dryopteris pia ina magamba ya kahawia kwenye vikonyo, na majani yake machanga huchomoza yamejikunja kama konokono.

Kabla ya hapo mambo yalichanganywa. Mwaka 1753 Linnaeus aliyaweka mengi katika kapu moja la Polypodium. Jina Dryopteris lilitolewa na Mfaransa Adanson mwaka 1763. Huko Ulaya watu walikuwa wameshaliita moja nene "dume" na jingine laini "jike", ingawa hakuna mume wala mke hapo, kila moja huzaa spora zake. Shina la chini la hilo "dume" lilitumiwa kutoa tegu tumboni. Lakini ni sumu, na waliozidisha kipimo walipofuka, wengine wakafa. Asije mtu akalichemshia watoto.

Mama aliweka bomba chini. Binti alikata jani moja lenye madoa yaliyokomaa, akalifunga ndani ya karatasi nyeupe. Baada ya siku mbili karatasi ilikuwa na vumbi la kahawia. Walilinyunyiza juu ya udongo wenye unyevu ndani ya kopo la kioo, wakalifunika na kuliweka kivulini. Wiki kadhaa baadaye uso wa udongo ukawa kijani, kisha vikajitokeza vijani bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Makangaga yenyewe huota juu ya hivyo.